Mzaha wa Kompyuta Iliyoachwa Wazi

Kuna desturi katika ofisi za Ufaransa. Mtu akienda kunywa kahawa na kuacha kompyuta yake wazi, mwenzake hukaa mahali pake na kuwaandikia wafanyakazi wote kwa jina lake: kesho nitawaletea mikate ya siagi. Akirudi, deni ni lake, na kesho analipa. Wengine hugeuza tu picha ya kioo, juu chini.

Je, mzaha huu unafaa Masisi na Walikale? Naona unafaa kuliko huko. Ofisi nyingi za parokia, shule na vituo vya afya zina kompyuta moja ya watu watatu au wanne, na penye umeme wa jua watu huingia mchana kutwa kuchaji simu. Ndani ya mashine hiyo mna orodha ya familia za wakimbizi, nambari zao za simu, kijiji walichotoka, pengine jina la mama aliyetendewa vibaya akaja kutafuta shauri. Mwaka 2025 vita vilifika Masisi-centre mwezi wa kwanza, na Walikale-centre mwezi wa tatu. Mahali ambapo wenye bunduki hubadilika, majina yaweza kumtafutia mtu kifo. Na Kanuni ya dijitali ya nchi yetu, ya tarehe 13 Machi 2023, inalinda habari za mtu binafsi.

Kufunga ni kazi ya sekunde moja: bonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi L. Kazi yako inabaki ilivyo, na ukirudi unaandika neno la siri (ambalo halibandikwi ukutani, jamani). Lakini hiyo inamzuia mpita njia tu. Mwizi akibeba mashine nzima anaweza kuitoa diski na kuisoma kwingine, isipokuwa diski yenyewe imefungwa kwa maandishi ya siri. Mwombeni fundi awafanyie.

Mzaha nao uwe na mpaka. Usisome barua za mwenzako, usiguse orodha, usiandikie watu wa nje kwa jina lake. Mithali 26:18-19 inamkemea vikali anayemdanganya jirani kisha akasema alikuwa anatania. Mashine ya mchungaji je? Iguswe pia, ila mwandishi kijana hatathubutu mpaka mchungaji mwenyewe atangaze ruhusa mbele ya wote. Na adhabu iwe ndogo: Masisi tunayo fromaji, ndugu wa Walikale watachagua yao.