Barakoa ya Usingizini: Ipi ni Ghali?

Katika nyumba nyingi mkoromo wa usiku huchukuliwa kuwa jambo la mzaha. Baba akikoroma, watoto hucheka. Akisinzia mchana barazani, husemwa kuwa amechoka au amezeeka. Lakini uko mkoromo unaokatika ghafla. Chumba huwa kimya kwa sekunde 10, 20, pengine hata zaidi ya 30, kisha mlalaji hugutuka, huvuta hewa kwa nguvu, na kuanza kukoroma upya. Huu si mzaha tena. Ni maradhi ya kukatika pumzi usingizini, ambayo madaktari huyaita apnea.

Chanzo chake si kigumu kueleza. Koromeo halina mifupa wala gegedu ya kulishikilia wazi, kama lilivyo bomba la pumzi chini yake, hutegemea misuli. Tulalapo, misuli hiyo hulegea, na kwa watu wengine, hasa wenye shingo nene au taya dogo, ulimi na nyama laini za nyuma ya kinywa hurudi na kuziba njia. Oksijeni katika damu hupungua, ubongo hushtuka, na mlalaji huamka nusu bila mwenyewe kujua. Anayezibwa hivyo mara 30 au zaidi kwa saa huhesabiwa kuwa na ugonjwa mkali. Huamka na kichwa kizito, shinikizo la damu yake huelekea kupanda, na ikiwa kazi yake ni kuendesha basi au lori, roho za watu wengi zimo katika usingizi wake.

Tiba kuu ya maradhi haya haimezwi. Mwaka 1981 Colin Sullivan na wenzake wa Chuo Kikuu cha Sydney, Australia, walitangaza katika jarida la Lancet kwamba wamewatibu wagonjwa watano kwa kuwapulizia hewa puani usiku kucha. Hewa ile haikutiwa dawa yoyote. Ilikuwa na kanieneo iliyozidi kidogo tu ile ya chumbani, nayo ilitosha kulishikilia koromeo wazi, kama pumzi ijazavyo mfuko. Barakoa za awali zilifinyangwa moja moja kwa kufuata umbo la pua ya kila mgonjwa, zikabandikwa usoni kwa gundi ya silikoni. Yaonekana basi kwamba tangu mwanzo shida haikuwa kuipata hewa. Shida ilikuwa kuifikisha puani bila kuvuja na bila kumtesa mlalaji, na miaka zaidi ya 40 baadaye shida bado ni hiyo hiyo.

Siku hizi barakoa hutengenezwa viwandani kwa namna nyingi. Nchini Marekani moja huuzwa, kwa kawaida, kati ya dola 50 na 200 hivi. Mnunuzi wa Afrika Mashariki huongeza juu yake gharama za kusafirisha. Kwa mshahara wa mwalimu hiyo si fedha ndogo. Je, anayetafuta raha ya kulala anunue ile ya bei ya juu?

Tuanzie darasani. Kanieneo ya mashine hizi hupimwa kwa sentimita za maji, na kwa kawaida huwa kati ya 4 na 20. Mwalimu wa fizikia aweza kulionyesha jambo hili kwa mpira mwembamba unaopenya nuru, uliopindwa kwa umbo la U na kutiwa maji: mwanafunzi apulize upande mmoja taratibu mpaka vimo vya maji vitofautiane kwa sentimita 10. Hiyo ni takriban paskali 1,000, kiasi cha kawaida kwa wagonjwa wengi. Sasa tukumbuke kwamba kani ni kanieneo mara eneo. Tuchukue barakoa inayofunika pua na kinywa, yenye eneo la sentimita 60 za mraba, yaani mita 0.006 za mraba. Hewa itaisukuma kutoka usoni kwa kani ya nyutoni 6, sawa na uzito wa kitu cha gramu 600. Barakoa ya pua peke yake, ikiwa na eneo la sentimita 20 za mraba, husukumwa kwa nyutoni 2, yaani gramu 200. Viko pia vijimto vidogo vinavyokaa kwenye matundu ya pua. Tukivikadiria sentimita 2 za mraba kwa jumla, kani yake ni kama uzito wa gramu 20 tu.

Kani hiyo ndiyo ambayo mikanda ya kichwani hulazimika kuikabili usiku kucha. Kadiri barakoa inavyokuwa kubwa, ndivyo mikanda inavyohitaji kukazwa. Katika hesabu yote hii bei haimo.

Namfahamu mwalimu mmoja mstaafu ambaye mwanawe, aliyeko ughaibuni, alimletea barakoa kubwa ya fedha nyingi, kwa imani kwamba kikubwa ndicho bora. Hewa ilivujia machoni. Mzee akakaza mikanda, uvujaji ukazidi, akakaza tena. Hakujua kwamba ukingo wa mto wa silikoni ni utando mwembamba ambao hujazwa na hewa yenyewe ili ushikamane na ngozi, na kwamba ukibanwa mno hukunjamana na kufungua njia. Baada ya wiki mbili alikuwa na kidonda juu ya mfupa wa pua, na mashine ikarudishwa ndani ya boksi. Kilichomwokoa ni barakoa ndogo ya pua, ya bei nafuu kuliko ile ya kwanza, iliyorekebishwa akiwa amelala chali na mashine ikivuma. Mkewe alinieleza kwamba usiku wa tatu ukimya ulimwamsha, akamgusa mumewe kuona kama yu hai.

Si kila mtu atafaa barakoa ndogo. Mwenye pua iliyoziba daima, au alalaye kinywa wazi, huenda akahitaji ile kubwa. Lakini wataalamu wengi hupendelea kuanza na ya pua, na nadhani wana haki.

Mimi ningeshauri hesabu nyingine, isiyoandikwa dukani. Tuseme mtu amenunua barakoa ya dola 60, ikamuumiza, akaivaa saa 3 kwa usiku katika siku 100 za mwaka: ni saa 300, na kila saa imemgharimu senti 20. Mwenzake amelipa dola 150, akaivaa saa 7 kwa usiku katika siku 350: ni saa 2,450, kila saa kwa senti 6 hivi. Ghali ni ipi? Hesabu hiyo hiyo humhukumu pia yule mwenye barakoa ya dola 200 iliyo kabatini. Basi fedha ya ziada ilipwe kwa muuzaji anayeruhusu kujaribu saizi mbili tatu na kurudisha isiyofaa, kabla ya kulipwa kwa rangi na urembo.

Yapo mambo mawili ya usalama. Vitundu vidogo vilivyo mbele ya barakoa si kasoro: hupitisha nje hewa ya ukaa tunayoitoa, na kuviziba kwa plasta ili kupunguza kelele ni hatari. Barakoa ya pua na kinywa iwe pia na vali inayofunguka mashine inapozimika, jambo lisilo dogo penye umeme wa kukatika. Aidha, mwaka 2022 lilitolewa onyo kuhusu barakoa zenye vifungo vya sumaku. Mwenye kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo mwilini, au anayelala na mtu wa namna hiyo, asizinunue.

Mwisho ni mto wenyewe. Mafuta ya ngozi huuharibu, hata ukioshwa kila siku kwa maji na sabuni laini, na baada ya miezi kadhaa hauzibi tena vizuri. Fremu haichakai upesi hivyo. Kwa hiyo kabla ya kulipia barakoa yoyote, mnunuzi aulize kama mto wake huuzwa peke yake, kwa bei gani, na kama hupatikana Dar es Salaam au Nairobi bila kusubiri mgeni kutoka ng'ambo.