Mbegu Niliyopanda Ilikuwa ya Mama

Nikiwa mwaka wa pili, bumu lilichelewa kutoka. Mfukoni nilibaki na shilingi 40,000, na kioo cha simu yangu kilikuwa kimepasuka. Jumamosi hiyo kwenye ibada ya wanafunzi tukafundishwa kupanda mbegu: toa kinachokuuma, nawe utarudishiwa mara mia. Nikatoa 30,000, nikiomba simu mpya. Siku ya nne nilikuwa napiga pasi ndefu, nikaona isiwe taabu, nikampigia mama. Hakuuliza maswali. Aliuza madebe mawili ya mahindi ya akiba, akanitumia hela.

Simu haikuja, lakini hilo nimeshalisahau. Kinachonisumbua mpaka leo ni kwamba mbegu ile sikuipanda mimi. Aliipanda mama bila kuulizwa, na mahindi yale ndiyo yaliyotakiwa kuivusha nyumba mpaka mavuno.

Ndugu msomaji, tukikaa kwenye vimbweta kila mtu analia kuwa amechacha. Je, sisi ni maskini? Tupige hesabu kidogo kabla ya kujibu.

Umaskini unapimwaje?

Mwaka 2025 Benki ya Dunia ilipandisha mstari wa umaskini uliokithiri hadi dola 3 kwa mtu kwa siku. Watu takriban milioni 800 duniani wako chini ya mstari huo. Angalia vizuri: hizo si dola 3 za kubadilisha dukani Kariakoo. Ni uwezo wa kununua vitu ambavyo mtu angevipata kwa dola 3 nchini Marekani, na kwa bei za kwetu vitu hivyo vinahitaji shilingi chache kuliko utakazopewa dirishani. Kwa hiyo ule utetezi wetu wa kila siku, kwamba "huku kwetu maisha ni rahisi", tayari umo ndani ya hesabu.

Hapa Tanzania Bara, utafiti wa mapato na matumizi ya kaya wa mwaka 2017/18 uliweka mstari wa mahitaji ya msingi kwenye shilingi 49,320 kwa mtu mzima kwa mwezi. Asilimia 26.4 ya wakazi wa Bara walikuwa chini yake. Sasa chukua mwanafunzi mwenye mkopo wa chakula na malazi wa shilingi 10,000 kwa siku. Kwa siku 30 ni shilingi 300,000. Bei zimepanda, sawa. Lakini hata ukiuzidisha ule mstari mara mbili, bado haufiki theluthi ya fedha hiyo.

Tuelewane: hesabu hizi zisitumike kutunyamazisha. Bumu likichelewa tuna haki ya kudai, na wapo wenzetu wasio na mkopo kabisa ambao njaa yao ni njaa kweli. Ila wengi wetu tunajipima kwa yule mwenye laptopu kali na viatu vipya, hatujipimi kwa yule tuliyemwacha kijijini.

Imani inasema nini?

Kuna fundisho linalosema utajiri ni ushahidi wa imani. Ukiligeuza, linasema maskini hana imani ya kutosha. Likiwa la kweli, basi mama yangu, anayefunga na kuomba kuliko mimi, ana kasoro mbele za Mungu. Siwezi kulimeza hilo.

Soma Waraka wa Pili kwa Wakorintho, sura ya 8 na 9. Paulo anachangisha kwa ajili ya waumini wahitaji wa Yerusalemu. Anaowasifu ni makanisa ya Makedonia, waliokuwa maskini hohehahe, na hawalaumu kwa umaskini wao. Anaeleza pia kuwa hataki mtoaji ateseke ili mwingine astarehe. Anataka uwepo usawa. Halafu anapanga fedha ile isisafirishwe na mtu mmoja, ili pasiwe na lawama. Sadaka ile ilikuwa na anwani: watu fulani wenye shida. Haikuwa tiketi ya kuomba simu.

Na yule mjane wa senti mbili katika Marko 12? Tunamhubiri sana. Tunachoruka ni mstari uliotangulia, ambapo Yesu anawakemea walimu wa sheria wanaokula nyumba za wajane.

Kijana wa Oxford

John Wesley, mwanzilishi wa Wamethodisti, alisimulia katika hotuba yake moja habari za kijana wa Oxford. Wengi wanaamini alikuwa akijisema mwenyewe. Mwaka wa kwanza alipata pauni 30. Akatumia 28, akatoa 2. Mwaka uliofuata alipata 60. Akatumia zilezile 28, akatoa 32. Mwaka wa tatu alipata 90, akatoa 62. Wa nne alipata 120, akatoa 92. Kipato kilipanda mara nne, matumizi yakakaa palepale.

Sidhani kila mmoja wetu ataweza hivyo, maana wengi tutakuwa na wadogo wa kusomesha na wazazi wa kutunza. Lakini kanuni yake inatufaa: amua kiasi kinachokutosha kabla hela haijaja. Ikishaingia, kila tamaa hujiita hitaji.

Kwa hiyo nimejiwekea mambo matatu. Kwanza, sitoi kilicho cha mtu mwingine. Hela ya chakula iliyotoka shambani kwa mama si yangu kuichezea. Pili, nauliza sadaka inaenda wapi, na kuuliza si dhambi. Tatu, kabla ya kusema sina kitu, namtafuta kwanza aliye karibu asiyekula leo. Mara nyingi hayuko mbali zaidi ya korido yetu.

Bumu lilipotoka nilimtumia mama bei ya madebe mawili. Akapiga simu kuuliza kama nimekula. Nikamwambia nimekula. Safari hii ilikuwa kweli.