Kazi za mtandaoni zinazojifanya zenyewe, na bili yake

Muuza nguo wa Kariakoo anayetafuta wateja Instagram hushinda akijibu swali lile lile: bei gani? Akishajibu, anatuma Lipa Namba, anasubiri ujumbe wa muamala, anaandika jina na saizi kwenye daftari, kisha anampigia bodaboda. Kazi hizi hazina ugumu wowote, ila jioni ikifika zimeshamlia siku nzima.

Zipo kampuni zilizojenga utajiri kwa kuondoa adha ya namna hii, na wateja wao wengi hawajui kuandika programu. Mteja anachagua tu kwenye skrini: fomu ya oda ikijazwa, ongeza mstari kwenye Google Sheets, tuma barua pepe, mwarifu mtu wa stoo. IFTTT ya San Francisco ilianza mwaka 2010. Zapier ilifuata 2011, ikiasisiwa na Wade Foster, Bryan Helmig na Mike Knoop mjini Columbia, Missouri. Zapier ilichukua fedha kidogo za wawekezaji, dola milioni 1 na ushei mwaka 2012, na kufika 2021 ilikuwa imethaminiwa kwa dola bilioni 5. Leo inashindana na Make iliyotokea Prague, n8n ya Berlin, na Microsoft yenye Power Automate.

Kampuni hizi ni madalali. Barua pepe ni ya Google, ujumbe ni wa Meta, wao wanakaa katikati na kula kamisheni ya kila kinachopita. Ndiyo maana bei zao zinahitaji kalamu na karatasi. Zapier huhesabu kila kitendo kilichofanikiwa kuwa kazi moja. Oda moja yenye vitendo vitatu ni kazi tatu. Oda 10 kwa siku ni kazi 900 kwa mwezi, wakati kifurushi cha bure kina kazi 100 tu. n8n huhesabu mzunguko mzima mara moja, hivyo oda hizo hizo ni 300. Unaweza pia kuiweka n8n kwenye seva yako bila kulipia leseni, ila hapo utamhitaji yule fundi wa programu uliyekuwa unamkwepa.

Dalali naye ana mabosi. Machi 2019, Google ilipokaza masharti ya programu zinazosoma Gmail, IFTTT iliondoa huduma zake zilizotegemea kusoma barua za mteja. Mwaka 2023 Twitter ilianza kutoza programu za nje zinazounganishwa nayo, jambo lililokuwa bure, na mipango mingi ya watu ikakatika. Mwenye duka aliyefunga biashara yake yote kwenye uzi wa namna hiyo hana wa kumlalamikia.

Kwa maoni yangu, wafanyabiashara wengi wa hapa kwetu hawajafikia hatua ya kulipia. WhatsApp Business, iliyoanza Januari 2018, ni bure na inafanya sehemu kubwa ya kazi: salamu kwa mteja mpya, ujumbe wa kusema duka limefungwa, lebo za kutenganisha aliyelipa na anayedaiwa, na majibu ya haraka. Ukiandika /bei, orodha yote inatokea na Lipa Namba chini yake, unabonyeza kutuma. Google Forms nayo hupeleka oda kwenye jedwali bila dalali yeyote.

Jambo moja husahaulika: majina, simu na anwani za wateja zikipitia huduma hizi, mara nyingi zinahifadhiwa nje ya nchi. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na Kenya ina yake ya 2019. Zote zinamgusa hata mwenye duka dogo.

Kwa hiyo kabla hujaingiza namba ya kadi yako, hesabu oda za mwezi uliopita, zidisha kwa vitendo unavyotaka vifanyike, halafu linganisha na mshahara wa kijana wa kukusaidia dukani. Oda zikiwa chache, bakia na WhatsApp.