Mbegu na Majina Yake: Chotara, Mahuluti na Vinasaba

Jina la zao laweza kumpoteza mtu. Mahindi yameitwa hivyo kana kwamba yalitoka Bara Hindi, lakini asili yake ni Mexico, ambako wakulima waliyatoa katika majani ya mwituni yapata miaka 9,000 iliyopita. Nayo yalifika Afrika baada tu ya safari za Wazungu kwenda Amerika. Kosa hilo la jina halikumdhuru mtu. Lakini yako majina mengine ya kilimo ambayo kosa lake lina madhara, na miongoni mwake ni yale yatumiwayo katika mjadala wa mazao ambayo wengi huyataja kwa herufi tatu tu, GMO. Mjadala huo umefika katika baraza la mawaziri na mahakamani, na sehemu kubwa ya ugomvi wake hutokana na kuchanganya mambo matatu yaliyo mbalimbali.

Jambo la kwanza ni uteuzi. Mkulima huvuna, huyatenga mahindi yaliyojaa punje vizuri, huyatundika juu ya meko ili moshi uyakinge na wadudu, na msimu ujapo huyapanda. Mbegu ya namna hii huitwa ya kienyeji au ya asili. Maneno haya mawili hutaja kitu kimoja, ila asemaye kienyeji aghalabu hudharau kidogo, na asemaye asili husifu. Wote wawili husahau kwamba mmea wenyewe ni mgeni.

Jambo la pili ni uchotara. Aina mbili za mahindi hupandwa kwa mistari katika shamba moja. Mistari iliyofanywa majike hukatwa mbelewele kabla hazijamwaga chavua, hata ndevu zake zisipate ila chavua ya mistari ya madume. Mbegu izaliwayo huwa na nguvu kuwapita wazazi wote wawili. Kwa njia hii ya kuoanisha aina mbili Kenya ilitoa mwaka 1964 mbegu iitwayo H611, iliyozalishwa Kitale kwa kuchanganya mahindi ya huko na mahindi ya Ecuador. Lakini nguvu hiyo hairithiwi sawasawa. Mkulima akipanda punje alizovuna, shamba halilingani na mavuno hupungua. Kwa hiyo hana budi kununua mbegu kila mwaka.

Jambo la tatu ndilo liitwalo GMO. Yuko kijidudu cha udongoni, Bacillus thuringiensis, kitengenezacho protini inayowaua viwavi wa namna fulani. Wataalamu wameitwaa jeni iamuruyo utengenezaji wa protini hiyo wakaitia katika mahindi na pamba. Kiwavi atoboaye bua, au funza wa vitumba, akila mmea huo hufa. Ndoa kati ya kijidudu na muhindi haiwezekani shambani. Yahitaji mkono wa mtu maabarani. Chakula cha kwanza cha namna hii kuuzwa Marekani kilikuwa nyanya, mwaka 1994.

Afrika ya Mashariki imesitasita. Kenya ilitunga sheria ya usalama wa mazao haya mwaka 2009. Mwezi wa Novemba mwaka 2012 ikapiga marufuku uingizaji wa vyakula vyake, muda mfupi baada ya kuchapishwa uchunguzi uliofanywa Ufaransa juu ya panya waliolishwa mahindi hayo. Jarida lililouchapisha liliufuta mwaka 2013, na mwaka 2014 ukachapishwa tena na jarida jingine. Mwaka 2019 Kenya iliruhusu pamba ya aina hii, na mwezi wa Oktoba mwaka 2022 marufuku ikaondolewa, uamuzi ambao mara moja ulipelekwa mahakamani. Tanzania ilianza mwaka 2016 majaribio ya mahindi ya kuvumilia ukame huko Makutupora, Dodoma. Mwezi wa Novemba mwaka 2018 serikali iliamuru majaribio yakome na masalia yake yateketezwe.

Yafaa sasa kupima ni lawama gani iangukayo juu ya jambo lipi. Husemwa kwamba GMO humlazimisha mkulima kununua mbegu kila mwaka. Lawama hiyo ilikwisha kuwa kweli kwa chotara miaka mingi kabla ya GMO kuwako. Ila mahindi ya GMO nayo aghalabu huuzwa yakiwa chotara, ndiyo maana mambo mawili huonekana moja. Husemwa pia kwamba mbegu hizo haziwezi kuota zikipandwa tena. Ufundi wa kuifanya mbegu isiote ulipewa hataza Marekani mwaka 1998, lakini mbegu ya namna hiyo haijapata kuuzwa. Hata hivyo ziko hoja zinazoihusu GMO yenyewe. Jeni iliyotiwa huwa na mwenyewe kisheria, naye aweza kumkataza mkulima kuihifadhi mbegu. Chavua haijui mpaka wa shamba, nayo huipeleka jeni hiyo kwa jirani asiyeitaka. Na wadudu huzoea: Afrika ya Kusini ilianza kulima mahindi ya kuua viwavi mwaka 1998, na ilipofika mwaka 2007 ilithibitishwa kwamba baadhi ya viwavi watoboao mabua hawafi tena. Asiyeyatenga mambo haya hushambulia pasipo adui na kuacha wazi mlango aliopaswa kuulinda.

Hapa ndipo ilipo kazi ya wanalugha. Chotara ni neno la kumtaja mtu ambaye wazazi wake ni wa makabila au rangi mbili, na kwa kuwa limetumika kwa dharau wako walioona bora kusema mahuluti, yaani kilichochanganywa. Kwa mbegu, hata hivyo, chotara lina sifa ambayo mahuluti halina: lataja wazazi. Mchanganyiko waweza kuwa wa chochote, hata wa mchele na pumba.

Neno vinasaba lina mzigo mzito zaidi. Limetokana na nasaba, ukoo wa mtu, jambo ambalo katika mirathi na ndoa halichezewi. Kusema kwamba mmea umebadilishwa vinasaba ni kusema, katika sikio la msikiaji wa kawaida, kwamba umenyang'anywa ukoo wake. Hukumu imekwisha kutolewa kabla ya ushahidi kusikilizwa. Tena neno lenyewe limetanuka mno. Mahakamani vinasaba ni kipimo cha kumtambua mzazi au mhalifu, na Tanzania, tangu mwaka 2010, hata kemikali itiwayo katika mafuta ya petroli ili kufichua uchakachuaji huitwa vinasaba, ingawa petroli haina uzazi. Zaidi ya hayo, kubadilisha hakutengi kitu: mteuzi wa mbegu juu ya meko naye amebadilisha vinasaba vya mahindi, polepole, kizazi baada ya kizazi.

Tofauti iliyopo si kubadilika, bali ni njia. Kiswahili kina kitenzi kifaacho, kupandikiza. Mkulima hupandikiza miche kutoka kitaluni, na daktari hupandikiza figo. Katika yote mawili kitu hutolewa mahali kikatiwa mahali pengine kiishi hapo. Mazao yaliyopandikizwa jeni ni jina lisemalo lililotendeka bila kusifu wala kulaani. Nalo laacha nafasi kwa ufundi mpya wa kuhariri jeni, ambao waweza kurekebisha jeni ya mmea wenyewe pasipo kupandikiza ya kigeni, na ambao hauna haki ya kuvikwa jina lile lile.

Kanuni za Kenya za mwaka 2012 zataka bidhaa za namna hii ziandikwe wazi ili mnunuzi ajue. Lakini kuandikwa kwa herufi tatu asizozielewa si kujulishwa. Mkulima asimamaye katika duka la pembejeo, fedha ya msimu mzima mkononi, ana maswali matatu: mbegu hii ina wazazi gani, imetiwa nini, na je, naruhusiwa kuihifadhi? Akishapata majibu hayo kwa lugha yake, kukubali au kukataa ni shauri lake.