Tukuyu Stars na gharama za ubingwa

Tukuyu Stars, maarufu kwa mashabiki wake kama Banyambala, ilitwaa ubingwa wa soka wa Tanzania Bara mwaka 1986. Klabu za nje ya Dar es Salaam zilizowahi kufika hapo ni za kuhesabu: Mseto ya Morogoro mwaka 1975, Coastal Union ya Tanga mwaka 1988, Mtibwa Sugar mwaka 1999 na 2000. Tukuyu, makao makuu ya wilaya ya Rungwe, ni mji mdogo kuliko Tanga na Morogoro, na ubingwa wake unastahili kukumbukwa kuliko unavyokumbukwa.

Heshima ilikuwa kubwa, fedha kidogo. Tanzania Bara haikuwa na televisheni, hivyo hapakuwa na haki za matangazo za kuuza. Klabu ziliishi kwa viingilio, michango ya wanachama na mifuko ya wafadhili. Viingilio hufuata wingi wa watu, na hapo Simba na Yanga huizidi klabu ya wilayani hata zikifungwa nayo. Safari, malazi na posho havipungui kwa sababu mji ni mdogo.

Wilaya yenyewe haikukosa mali: chai, kahawa, ndizi, maziwa, na siku hizi parachichi. Ila mapato hayo husambaa kwa maelfu ya kaya za wakulima wadogo. Mtibwa ililelewa na kiwanda cha sukari. Klabu ya Mbeya City ina halmashauri ya jiji, Tanzania Prisons ina Jeshi la Magereza. Banyambala haikuwa na mlezi wa aina hiyo, na ubingwa haukurudi tena.

Mwaka 2021 Azam Media iliingia mkataba wa miaka kumi wa haki za matangazo ya Ligi Kuu, wenye thamani ya shilingi bilioni 225.6. Fedha hizo huzifikia klabu zilizomo ligini tu. Kwa zilizo nje ya ligi, mali iliyobaki ni mchezaji. Kwa kanuni za FIFA, mchezaji anapouzwa nje ya nchi kabla mkataba wake haujaisha, asilimia 5 ya ada hugawiwa klabu zilizomlea kati ya umri wa miaka 12 na 23. Klabu ya Rungwe inaweza kudai sehemu yake, mradi kijana alisajiliwa rasmi tangu akiwa mdogo na kumbukumbu za usajili wake zipo.