Mama Mkimbizi Anahitaji Zaidi ya Unga na Blanketi

Tunaposikia neno "mkimbizi", wengi wetu huwaza hema, blanketi na foleni ya unga. Mchango ukitangazwa kanisani, tunaleta kanga, nguo za watoto na sabuni. Hayo ni mema, wala tusichoke kuyatenda. Lakini mama aliyekimbia vita amepoteza kitu kingine ambacho hakiingii katika furushi la msaada, nacho ni uwezo wa kuamua mambo ya nyumba yake. Watoto watakula nini, watapika kwa kuni gani, wataishi wapi na wataondoka lini. Hayo yote huamuliwa na watu wengine. Tukitaka kumsaidia kweli, hatuna budi kulielewa hilo kwanza.

Maisha ya kambini

Kwetu Tanzania wakimbizi si wageni. Mwaka 1972 Warundi walikimbia mauaji, wengi wao wakapewa ardhi katika makazi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Mwishoni mwa Aprili 1994 Wanyarwanda wapatao 250,000 waliingia wilaya ya Ngara kwa muda wa siku moja hivi, wakipitia daraja la Rusumo. Mwaka 1996 kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, ilifunguliwa kwa ajili ya Wakongo waliokimbia vita Kivu Kusini. Mwaka 2015 Warundi walikimbia tena. Makumi ya maelfu walikwama Kagunga, kijiji kidogo kando ya Ziwa Tanganyika, na kipindupindu kikazuka kati yao. Meli ya MV Liemba iliwachukua hadi Kigoma mjini, na kutoka hapo wakapelekwa Nyarugusu.

Hebu tufikiri kidogo. Mtoto aliyezaliwa Nyarugusu mwaka 1997 leo ni mtu mzima, na pengine ana watoto wake mwenyewe. Kambi iliyodhaniwa kuwa ya kupita imekuwa mahali pa kuzaliwa, kuolewa na kuzikwa.

Sheria ya wakimbizi ya Tanzania ya mwaka 1998 inamtaka mkimbizi aishi katika eneo alilopangiwa, na awe na kibali akitaka kutoka. Kwa hiyo mama aliyezoea kulima au kuuza samaki sokoni hubaki akingoja mgao. Mgao nao haukai vilevile. Agosti 2017, kwa kukosa fedha, Shirika la Chakula Duniani lilipunguza chakula katika kambi za Kigoma hadi asilimia 62 ya kiwango kamili. Wakubwa hutangaza asilimia, lakini mama ndiye anayeketi mbele ya sufuria na kuamua nani ale kwanza.

Tena mahindi na maharage hayaliwi mabichi. Kuni za karibu zikiisha, wanawake na wasichana huenda mbali porini, na wengine wamebakwa huko. Sisi wauguzi tunajua kwamba wengi hunyamaza kwa aibu, au kwa hofu ya kuachwa na mume. Mama mwenzangu, ukiambiwa siri ya namna hii, usianze kuuliza alikuwa amevaa nini. Mpeleke kituo cha afya upesi. Dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI hufaa zikianzwa ndani ya saa 72, na zikianzwa mapema zaidi ni bora zaidi. Hata saa hizo zikiwa zimepita, bado aende, kwa kuwa yapo matibabu mengine anayoyahitaji.

Kungoja safari

Kwa kawaida mkimbizi huwa na njia tatu: kurudi kwao kwa hiari kukiwa na amani, kukaa moja kwa moja katika nchi iliyompokea, au kuhamishiwa nchi ya tatu. Njia ya pili ilifunguka kwa Warundi wengi wa mwaka 1972. Mwaka 2014 zaidi ya 162,000 kati yao walikuwa wamepewa uraia wa Tanzania. Njia ya tatu ndiyo inayozungumzwa mno kambini, na ndiyo nyembamba kuliko zote. Kila mwaka, katika dunia nzima, wanaoipata hawafiki hata mmoja katika kila wakimbizi mia moja.

Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi hupendekeza majina, lakini nchi inayopokea ndiyo inayoamua. Kuna mahojiano, uchunguzi wa usalama na vipimo vya afya. Akigundulika mtu ana kifua kikuu cha kuambukiza, lazima atibiwe kwanza, na safari ya familia yaweza kuahirishwa. Miaka hupita. Binti akiolewa wakati wa kungoja, anaweza kuhesabiwa kaya nyingine, na mama akaondoka bila yeye.

Hata tarehe ya ndege si hakika. Januari 2025 Marekani ilisimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi, na familia zilizokwisha kupata tiketi zikaambiwa haziendi. Waliokuwa wamegawa vyombo na kuaga majirani walibaki mikono mitupu.

Katika kungoja huko matapeli hupata riziki. Huuza fomu, huahidi kusogeza faili mbele, au hushauri kuandikisha mtoto wa jirani kuwa wako. Ukweli ni kwamba huduma hizo hazilipiwi hata senti, na uongo mmoja ndani ya faili waweza kuifunga njia ya nyumba nzima.

Kufika ugenini

Wengi hudhani kwamba mtu akishapanda ndege, taabu zimekwisha. La hasha! Wakongo wengi wamepokelewa Marekani. Huko msaada wa kwanza wa mapokezi ulihesabiwa kwa siku 90, na nauli ya ndege kwa kawaida ilikuwa mkopo usio na riba ambao familia ilitakiwa kuulipa kidogo kidogo. Baba na mama huanza kazi mapema, mara nyingi kwa zamu za usiku. Watoto hujifunza Kiingereza upesi kuliko wazazi, na punde mtoto wa miaka kumi ndiye anayesoma barua za nyumba na kumsemea mama kwa daktari.

Hilo si jambo dogo. Mama atamwelezaje daktari habari za tumbo la uzazi kwa kinywa cha mwanawe wa kiume? Huko Marekani hospitali zinazopokea fedha za serikali kuu zinatakiwa kutafuta mkalimani bila malipo, na Kiswahili kimo. Mama aombe bila haya.

Tufanye nini sisi?

Kwanza, tuulize kabla ya kuleta. Swali la "Dada, kwa sasa unahitaji nini?" humrudishia mama heshima ya kuamua.

Pili, tuwasaidie kutunza karatasi. Mtoto akizaliwa, tangazo la kizazi lichukuliwe, na jina lake liingizwe katika kumbukumbu za kaya mapema. Vifo na ndoa viandikishwe vivyo hivyo. Karatasi hizo zitahitajika wakirudi kwao, wakibaki au wakienda mbali.

Tatu, tuseme kweli. Tusimtabirie mtu safari kwa jina la Bwana ili afurahi leo, kisha aumie kesho. Tuombe naye, na tumtie moyo ajifunze kushona, kusoma au lugha wakati anangoja.

Nne, walio ugenini wawapokee wanaofika. Kumsindikiza mama kliniki siku moja ni ibada kamili.

Naomi alirudi Bethlehemu akiwa amefiwa na mume na wana, naye Ruthu alikuwa mgeni asiye na kitu. Boazi aliwapa nafaka, lakini hakuishia hapo. Aliwakataza vijana wake wasimguse Ruthu shambani, kisha akakaa na wazee langoni na kulimaliza shauri la nyumba ile kwa haki. Alitoa chakula, ulinzi na haki. Nasi tusitoe kimoja tu kati ya hivyo vitatu.