Rumonge na Njia ya Kando ya Ziwa

Watu wengi wakisikia jina la Burundi hufikiri milima, migomba na ng'ombe wenye pembe ndefu. Si uongo, lakini nchi ile ina upande mwingine ambao sisi wa Kigoma tungeutambua hata tukifumbwa macho, maana umefanana na kwetu kama pacha. Ni ule ukanda mwembamba ulio kati ya milima na Ziwa Tanganyika, tangu Bujumbura hata Nyanza-Lac. Huko dagaa huanikwa mchangani (wenyewe huwaita ndagala), mawese huuzwa kwa chupa kando ya barabara, adhana husikika alfajiri, na mgeni akiamkia kwa Kiswahili hujibiwa kwa Kiswahili. Katika ukanda huo umo mji wa Rumonge. Mwalimu anayesimamia gazeti hili aliposikia kuwa nimefika huko aliniomba niwaandikie habari zake. Nami nakubali, hasa kwa sababu wanafunzi kadhaa wamekwisha niuliza swali moja: imekuwaje mji mdogo vile uwe mahali pa zamani pa ibada za wageni, Waislamu kwa Wakristo, na pa Kiswahili, hali nchi ya ndani ilikuwa bado haijayajua mambo hayo?

Safari yenyewe haikupangwa. Jumamosi tarehe 7 Septemba 2024 nilikuwa Bujumbura nyumbani kwa mjomba. Petroli imekuwa adimu Burundi kwa miaka kadhaa, na mwenye motokaa huweza kulala katika foleni. Usiku wa kuamkia siku ile mjomba alikuwa amebahatika kupata lita 20. Tulipokuwa tukinywa chai, Bibi, yaani mama yake mjomba, akauliza, "Mafuta hayo yatatufikisha Rumonge na kuturudisha?" Mjomba akajibu, "Yatatosha, Mama." Bibi akaweka kikombe chini, akasema, "Basi twendeni leo."

Tulinyamaza sote. Bibi alitoka Rumonge kwa mtumbwi mwezi wa Mei 1972, mama yangu mgongoni na mjomba amemshika mkono. Alikaa Kigoma miaka 37, akarudi Burundi mwaka 2009, na tangu arudi hakukubali hata mara moja kupelekwa kwao. Mke wa mjomba hakungoja abadili nia. Alifunga chapati katika kitambaa, tukaingia motokaani watu sita, wawili wao watoto.

Kutoka Bujumbura mpaka Rumonge ni kadiri ya kilomita 75. Barabara huenda kusini, ziwa likiwa mkono wa kuume na milima mkono wa kushoto, na mahali pengine nafasi iliyobaki kati ya viwili hivyo haizidi upana wa uwanja wa mpira. Njia hii si ya kudharau. Huko Gitaza mlima ulibomoka mwezi wa Machi 2015, ukaua watu na kuikata barabara. Makovu ya udongo mwekundu yangali yakionekana.

Kabla ya hapo, karibu kilomita 12 tu kutoka mjini, pale Mugere, liko jiwe kubwa lililochorwa majina ya Livingstone na Stanley na tarehe 25-XI-1871. Wako watu wanaowaambia wageni kwamba wazungu hao walikutana hapo. Sivyo. Walikutana kwetu Ujiji. Kwa hesabu ya Stanley ilikuwa mwezi huo huo. Mugere walifika kwa mtumbwi, wakapumzika siku mbili, nao walikuwa wakienda kaskazini kuutazama mto Rusizi. Livingstone alitaka kujua kama mto huo unatoka ziwani au unaingia, kwa kuwa kama ungalitoka, labda ziwa letu lingalikuwa chanzo cha Nile. Wakaona unaingia. Maji ya ziwa hutokea upande wa Kongo kwa mto Lukuga, ambao Cameron aliufikia mwaka 1874.

Nimesema walifika kwa mtumbwi, na jibu la swali la wanafunzi limo katika neno hilo. Siku zile ziwa ndilo lililokuwa barabara. Nyuma ya ufuko milima hupanda ghafula mpaka zaidi ya meta 2,000, na juu yake palikuwa na ufalme wenye nguvu wa Mwezi Gisabo, ambaye hakupenda wageni wapite. Mtu wa Ujiji mwenye mtumbwi na wapiga kasia wazuri aliona Rumonge ni jirani. Gitega ilikuwa mbali kama nchi nyingine. Basi wafanyabiashara wa pwani waliokaa Ujiji walizoea kuja ufuko huu kutafuta pembe, mawese na, ni lazima tuseme wazi, watumwa. Mkubwa wao alikuwa Muhammad bin Khalfan, aliyeitwa Rumaliza, mtu wa Lindi na mwenzi wa Tippu Tip. Alitaka kuingia mpaka ndani ya Burundi, wala hakuweza. Watu wake wakabaki ufukoni, na lugha yao na dini yao vikabaki hapo pamoja nao.

Wamisionari walifuata maji hayo hayo. Mapadri Weupe walifika Ujiji mwanzo wa mwaka 1879, na mwezi wa Julai mwaka huo wakaanzisha misheni Rumonge, ya kwanza katika nchi yote ya Burundi. Haikudumu. Tarehe 4 Mei 1881 Padri Deniaud, Padri Augier na msaidizi wao D'Hoop waliuawa na watu wa jirani walioitwa Wabikari, katika ugomvi uliohusu mtoto mmoja aliyekuwa chini ya ulinzi wa misheni. Wenzao wakaondoka. Misheni zilizodumu, Muyaga ya mwaka 1898 na Mugera ya 1899, zilijengwa na watu waliokuja kwa njia ya nchi kavu, mbali na ziwa. Kwa hiyo Mkristo wa Burundi akihesabu misheni za kwanza zilizodumu hutaja milimani, lakini damu ya kwanza ilimwagika ufukoni.

Tulifika Rumonge saa tano na nusu. Mwaka ule mji ulikuwa makao makuu ya mkoa wa Rumonge, uliofanywa mwaka 2015. Tangu 2025 Burundi imegawanywa upya katika mikoa mitano, na Rumonge umo katika mkoa wa Burunga. Jambo la kwanza tuliloliona ni maji. Nyumba zilizo karibu na ziwa zilisimama majini mpaka madirishani, milango wazi, hamna mtu. Mwaka 2024 ziwa lilipanda karibu sawa na kile kimo cha 1964 ambacho wazee wetu wa Ujiji hawajakisahau. Sababu yake si ngumu kuelewa. Ziwa hili lina urefu wa kilomita 670 na zaidi, na kina cha meta 1,470, lakini mlango wa kutokea maji ni mmoja tu, ule Lukuga, nao ni mdogo. Maji mengi huondoka kwa kukaushwa na jua. Mvua ikizidi miaka kadhaa mfululizo, na Lukuga ukijaa mchanga, maji hayana pa kwenda ila kupanda pwani.

Sokoni palikuwa na dagaa tele, maana mwezi ulikuwa mchanga. Wavuvi huunganisha mitumbwi kwa miti, wakatundika taa, na dagaa wakiikusanyikia nuru huinuliwa kwa wavu kutoka chini. Zamani zilikuwa karabai, sasa ni taa za betri. Mwezi ukiwa mpevu kazi hii haifai, samaki hutawanyika. Haya nadhani mnayajua kuliko mimi.

Bibi hakutaka soko. Alitaka kusali adhuhuri Rumonge kwanza, akaenda msikitini na mke wa mjomba, nasi wanaume upande wetu. Baada ya sala akatuongoza mwenyewe, fimbo mkononi, kuvuka barabara na kupanda kuelekea mashamba ya michikichi.

Hapa sina budi kueleza habari za 1972, kwa kuwa wanafunzi wa leo hawakuziona. Tarehe 29 Aprili mwaka ule uasi ulianza kusini mwa Burundi, katika sehemu hizi za Rumonge na Nyanza-Lac, na Watutsi wengi waliuawa. Kisha serikali ya Micombero ikalipiza kisasi kwa Wahutu katika nchi nzima, hasa wale waliosoma, hata waliokufa wakahesabiwa kuwa laki moja, na wengine husema laki mbili au zaidi. Waliokimbilia Tanzania wengi wao walipelekwa Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Wengine, kama Bibi, walikaa vijijini kwetu Kigoma. Mashamba waliyoyaacha Rumonge yalipewa watu wengine, na mengine yakatwaliwa kwa michikichi ya serikali. Walioanza kurudi kwa wingi tangu 2008 waliwakuta watu waliozaliwa na kuzeeka juu ya ardhi ile. Iliundwa tume ya ardhi mwaka 2006, na katika miaka yake ya kwanza mara nyingi iliwashauri pande mbili wagawane shamba nusu kwa nusu. Wengine walikubali, wengine wameshitakiana hata leo.

Katika shamba alilolitaka Bibi tulimkuta mzee mmoja akichemsha chikichi katika pipa. Kazi yenyewe ni hii: chikichi huchemshwa, hupondwa, hukamuliwa kwa shinikizo la kuzungushwa kwa mikono, kisha mafuta huchemshwa tena ili maji yatoke, kokwa huwekwa mbali kwa kazi ya sabuni. Bibi alimwamkia kwa Kirundi, akataja jina la baba yake. Mzee akasimama kimya kitambo. Halafu akanyosha kidole kuelekea michikichi sita mirefu sana, iliyoizidi mingine yote kwa kimo. "Ile ni ya baba yako," akasema. "Hii mifupi nilipanda mimi. Ile ni taabu kuipanda, watoto wangu wameniambia mara nyingi niikate."

Mjomba alipandwa na hasira. Akasema mbele ya mzee kwamba shamba ni letu, na kwamba nusu si haki. Bibi akamkata maneno: "Nimekuja kuona. Umenisikia nikidai?" Mjomba akasema, "Mama, wewe hudai, lakini mimi nina watoto." Mke wa mzee akaleta viti, tukakaa, hakuna aliyepata neno zuri la kusema. Mwisho mzee mwenyewe ndiye aliyependekeza mjomba arudi mwezi unaofuata, waketi mbele ya bashingantahe, yaani wazee waamuzi wa mlima ule, na watoto wa pande zote mbili wawepo. Mjomba alikubali. Bibi aliomba mkungu mmoja wa chikichi kutoka kwa ile mirefu. Kijana wa mzee akapanda kwa ukanda wa kiunoni, akautupa chini.

Wanaotaka kufika Rumonge kutoka Kigoma hawana haja ya kuzunguka Bujumbura. Piteni Manyovu, mvuke mpaka Mugina, mshuke kwa Mabanda mpaka Nyanza-Lac, kisha mfuate ziwa kuelekea kaskazini, likiwa sasa mkono wenu wa kushoto. Chukueni hati za safari, na jazeni petroli kabla ya mpaka. Ng'ambo ya maji mtaiona rasi ya Ubwari iliyo Kongo. Mjomba amekwisha kuketi na wazee mara mbili, na neno la tatu lilikuwa bado alipoandika barua yake ya mwisho. Ile michikichi sita ingali imesimama.